Droo ya Chini

Shoga, uko? Usipige, andika tu.

Wiki ya tano hii tangu nipasuliwe mgongo, na wimbo wa mume wangu ni mmoja: "Usiiname, mama watoto. Kitu kikiwa chini, niite." Nikimuuliza kama kazini wameniulizia, anajibu, "Kimya, hawajaleta neno."

Nikadhani ni mapenzi. Mapenzi, shoga!

Leo soksi imeniponyoka karibu na kabati. Yeye yuko bafuni. Nikapiga goti mgongo wima, nimeshika kitanda, kama yule dada wa mazoezi wa hospitali alivyonifundisha juzi. Droo ya chini iko wazi kidogo. Chini ya fulana zake, barua yangu kutoka shuleni. IMEFUNGULIWA. Mwalimu mkuu anataka nithibitishe kurudi kabla ya Ijumaa, la sivyo darasa langu anapewa mwingine.

Leo Alhamisi!

Akatoka na taulo lake, akaiona barua mkononi mwangu. Hakuomba radhi. Hakuuliza hata kama naumwa. Unajua kasema nini?

"Kumbe siku hizi unafika huko chini?"

Huko chini! Shoga, shule nimeshawapigia. Wewe njoo na tochi. Uvunguni mwa kitanda bado sijafika.