Visanduku vya Sigara Chumbani kwa Mzazi

Jumatatu, 5 Mei
Vitasa vinne, bawaba mbili, dawati moja lililolegea. Kazi za kawaida hotelini. Jioni mhudumu wa baa alitaka kutupa kisanduku cha sigara kubwa, zile nene za wageni. Nikamzuia. Mbao ya mwerezi, pembe zimeumana bila msumari hata mmoja. Fundi wake simjui, namheshimu. Nimekileta nyumbani. Mke wangu, Mwajuma: "Sasa hiki ndiyo nini?" Nikakipangusa vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Vimefika vitano. Mhudumu ananiwekea. Nimeanza kuviandika daftarini: namba, nchi, mbao, bawaba. Namba 4 ina picha ya jogoo mwekundu. Furaha kubwa mno kwa mtu wa miaka arobaini.

Jumamosi, 19 Julai
Dereva wa watalii kaniletea viwili kutoka Dar. Pamoja na vya mhudumu, jumla tisa. Nimepigilia rafu ukutani, juu ya kitanda. Mwajuma, tumbo mbele, akacheka: "Mtoto atalala wapi, baba? Ndani ya namba saba?"

Jumapili, 3 Agosti
Mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Mama mkwe amefika kutoka Mkange, atamlea mzazi siku arobaini. Nimesahau kula.

Jumanne, 5 Agosti
Mama mkwe kanusa chumbani. Tumbaku. Kwa mzazi na kichanga! Kamwambia Mwajuma, kwa sauti ya kunifikia uani: "Mwambie mwenzio, moshi wake au mjukuu wangu. Achague." Sivuti. Sijawahi kuvuta. Lakini mkwe habishiwi. Nimeinamisha kichwa nikaenda kuchota maji, na pipa limejaa.

Jumatano, 6 Agosti
Mwajuma kanitetea. Kajibiwa kwamba mke ndiye wa mwisho kujua. Amri ya mama yake: rafu iwe tupu kabla ya akika ya mtoto, Jumamosi. Stoo ya hotelini wamekataa kuviweka. Nina hasira. Nina aibu pia, kuwa na hasira wiki aliyozaliwa mwanangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudi saa kumi. Rafu tupu. Uani moshi. Nimekimbia na kiatu kimoja.
Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya tenga la kufukizia nguo za mzazi. Chini chetezo chenye makaa. Juu, badala ya kanga, visanduku vyangu vyote tisa, vifuniko wazi, vinapigwa udi. Hakunitazama. Alisema na binti yake: "Nilivitoa nivichome. Nimevifungua kimoja kimoja, hamna hata jivu. Mumeo si mvutaji, mwehu tu. Mwehu wa maboksi namvumilia."
Nimegeuka ukutani nikacheka, kwa adabu. Karatasi ya namba 2 imebabuka kidogo. Sitasema.

Jumamosi, 9 Agosti
Akika. Nyumba imejaa. Wanawake wanapokezana visanduku na kunusa. Shangazi yake Mwajuma kaomba kimoja. Mama mkwe: "Haviombwi hivyo, vina mwenyewe!" Nimemsikia kupitia dirisha. Nikajiongezea pilau.

Jumatatu, 15 Septemba
Arobaini imekwisha. Jana mama mkwe alimtuma Mwajuma aniombe namba 6, ya kuwekea udi wake. Sikungoja Mwajuma amalize. Leo asubuhi nimemsindikiza stendi. Shikamoo, marahaba, basi. Mabegi aliniachia nibebe, kisanduku kakipakata mwenyewe.
Rafu ina pengo la upana wa kiganja. Sijasogeza vilivyobaki. Mtoto amelala.