Siku Nilipomdhamini Paskali

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu hatujambo, maharage yamekubali, na babu yako amenunua mabuti anayoyavaa hata sebuleni.

Umeniuliza kama umdhamini kaka yako mahakamani. Mimi nilimdhamini kaka yangu Paskali, nilipokuwa msichana mchuma kahawa kule Oldeani. Alikuwa amemuuza ng'ombe dume mmoja kwa watu wawili, akakamatwa. Nilimwambia, "Nitakudhamini, lakini radhi utaomba mwenyewe."

Siku ya kesi niliketi nyuma yake. Paskali akamgeukia mzee wa Malambo, mnunuzi aliyelipa akamkosa ng'ombe. "Mzee, hela yako nimeila. Nilichobaki nacho ni hii mikono."

Mzee akacheka mpaka hakimu naye akatabasamu. "Basi njoo unichungie ng'ombe mpaka deni liishe."

Kesi ikafutwa. Paskali alichunga miaka miwili, akarudi na mke, binti wa mzee yuleyule! Ndiye Bibi Nashipai unayempenda. Harusini nilicheza mpaka kandambili zikakatika.

Kwa hiyo nenda ukamdhamini, mama, ila usimsemee. Mkitoka hapo njooni nyumbani wote wawili. Jogoo nimeshamchagua.

Bibi yako,
Bernadeta