Kaburi la Tatu Kutoka Njiani

Jumanne, 3 Februari 1998
Tumezika watano leo. Mvua tangu alfajiri. Kipindupindu hakina adabu — tunafunga maiti kwa nailoni, klorini, shimoni, ndugu hawaruhusiwi kusogea. Vibao vya majina vimekwisha tangu juzi. Nilijiambia nitakumbuka nani yuko wapi. Sikumbuki! Maji yamesawazisha kila kitu.

Alhamisi, 5 Februari
Kaja mama wa Kisukuma kutoka Kawajense, anaitwa Nyanzala. Mumewe Nyanda ni mmoja wa wale watano. Siku mbili hajala. Hataki pole wala uji, anataka tu kuonyeshwa alipolala mumewe. Nilikuwa nimechoka. Nikanyoosha kidole: la tatu kutoka njiani. Akapiga magoti, akaongea naye Kisukuma kwa muda mrefu. Kisha akanywa uji, kikombe kizima. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, 8 Februari
Habari zimeenea. Leo Pelagia wa Nsemulwa, anatafuta kaburi la mwanawe. Ningemwambiaje sijui, na mwenzake nimemwonyesha? Nimempa la nne. Kanishukuru mpaka nikashindwa kumtazama. Kazi gani hii! Wagonjwa wapya kumi na mmoja.

Jumatano, 11 Februari
Nyanzala anafagia lile kaburi kila asubuhi. Kaniletea maziwa ya mgando. Nimeyamwaga alipoondoka.

Jumatatu, 16 Februari
Shemeji yake Nyanzala, Malale, kafika na majembe. Mwenye mji halazwi ugenini, anasema — wanamhamisha Nyanda leo, akalale zizini kwake kama desturi yao. Nikasema hairuhusiwi, ugonjwa utawarudia. Malale akapandisha sauti:

"Nyie mlimzika bila sisi, tukanyamaza. Sasa hata kumrudisha nyumbani mnatukataza, bwana afya?"

Watachimba, niwepo nisiwepo. Nikauliza kama mjinga: pale wamelala wengi, mtamtambuaje? Nyanzala akajibu upesi: jino la mbele hana, ng'ombe alimpiga teke. Akacheka kidogo. Sijawahi kumwona akicheka.

Wako nje. Nimewaambia navaa buti. Nimeshavaa zamani, nimekaa kitandani naandika upuuzi huu. Nikisema ukweli, kesho asubuhi atakwenda kufagia wapi? Nisiposema, watafunua nailoni ya mtu mwingine. Na Pelagia je?

Nyanzala kagonga mlango, taratibu. Anasema nisiharakishe, baba, watanisubiri.