Antena ya Kumwonyesha Mama Uso Wako

Kisangani, komini ya Mangobo
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Yaya Timothée, kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, wewe na mke wako Nicole na watoto. Ule mgongo uliokusumbua umetulia? Huko Kinshasa mvua zinawaacha mlale? Sisi tunapumua, isipokuwa Mama.

Mama hatoki tena kitandani. Chakula anaonja tu, na kila akiamka anauliza kama umeonekana. Anataka akutazame usoni akubariki kabla hajaondoka. Daktari hakutuficha, siku zake si nyingi. Yaya, nimechanganyikiwa.

Uliposema tuweke mtandao nyumbani ili muonane kwenye simu, tulishukuru. Lakini vifaa vyenyewe vimetushinda. Aliyekwenda sokoni ni Tonton Kasongo, na wewe unamjua mdogo wake Baba, hapendi kuuliza mtu. Alichagua ruta yenye antena nyingi kuliko zote, akaingia nayo hapa kama ameleta mbuzi wa sikukuu. Kisha, kwa kuogopa wezi, akaifungia ndani ya sanduku la chuma pamoja na vikwembe vya Mama vya kujifunga, akapitisha waya kwenye tundu. Tukawa tunashangaa kwa nini simu hazishiki kitu.

Yannick, fundi wa simu wa mtaani, alipofungua sanduku alicheka mpaka akakaa chini. Alisema chuma kinazuia mawimbi. Tukaitoa, tukaiweka juu ya kabati, na bado hakuna kitu.

Kumbe ruta ile kazi yake ni kugawa mtandao ndani ya nyumba, na sisi hatuna wa kugawa. Ni lazima kuwe na kifaa cha kuuleta: ama modemu ya laini ya simu na antena ya nje, juu ya mlingoti unaopita mabati, ama sahani ya setilaiti inayoona anga wazi. Na betri pia, maana umeme wetu unaujua. Yannick anataka sahani, kwa sababu hapa kwetu mtandao wa simu ni dhaifu. Tonton anataka mlingoti. Wamenuniana, hawasemeshani, na Mama anazidi kufifia. Mimi nalia hata nikitwanga majani ya pondu.

Hapa sahani hiyo tumeitafuta tukaikosa. Nilikaa kuandika ili nikuombe uinunue huko pamoja na betri, uvipakie kwenye ndege.

Leo asubuhi nilimweleza Mama, akauliza kifaa hicho kitapita njia gani. Nikamwambia kitapanda ndege, sisi tutakipokea uwanjani Bangboka. Akaniuliza polepole:

"Ndani ya ndege kuko nafasi ya ile sahani, ya mutoto wangu hakuna?"

Nikarudi kuimalizia barua hii.

Basi, Yaya, yote niliyoandika juu ya sahani na betri yaache. Usinunue kitu. Panda wewe.

Barua hii anakuletea Lionel, mtoto wa jirani, anayesafiri kesho. Wabusu watoto, Bonheur na Tania. Dada Viviane anakusalimu, yeye ndiye anayemwogesha Mama. Tonton anasema atakuja mwenyewe kukupokea uwanjani.

Mungu akushike mkono njia nzima, na amshike Mama mpaka ufike.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Chantal