Jina Langu Limesomwa!

Darius, musomee baba yako karatasi hii polepole, asikie kila neno.

Ugali uko ndani ya sufuria. Samaki ndakala nimezifunika, paka asiziguse. Narudi ~~kesho~~, hapana, Jumapili. Furaha hii haiishi kwa siku moja.

Baba Darius, nimepita mutihani wa serikali! Asubuhi mwalimu mukuu alisoma majina, langu likawa la tatu. Niliruka mpaka kitenge kikafunguka mbele ya batu!

Mwaka jana nilirundika masomo yote kwa siku tatu za mwisho. Mbele ya maswali kila kitu kikanitoka kichwani. Mwaka huu, kila asubuhi ukitoka ziwani, nilikuelezea somo moja. Hujui kusoma, lakini ulisema, "Sijaelewa, rudia," mpaka nikakukasirikia! Siku ya mutihani woga ulipoanza, nikajifanya nakuelezea wewe. Majibu yakarudi.

Nimeshindwa kukungoja utoke sokoni. Mutumbwi unaondoka sasa, naenda kwetu Ubwari kumwambia mama kabla vita haijafunga tena njia. Kule watauliza ni mwalimu gani alinifundisha. Nitajibu: bwana yangu, muvuvi.

Mama Darius