Vipimo vya Katikati

Ujerumani, 3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Kwa kuwa simu huisikii tena, nakueleza kwa barua kwa nini Pasaka siji.

Ninapima nyota iliyokufa, ndogo kama mji, inayonyonya gesi ya jirani yake. Ikila sana hung'aa kwa mionzi ya eksirei; ikila kidogo hufifia. Iking'aa, mchoro wa mionzi yake una nundu moja. Ikififia sana, nundu mbili. Mimi natafuta vipimo vya katikati, nundu moja inapogawanyika. Nisipovipata, shahada sina. Sasa imeanza kufifia.

Mwanao,
Umuhire

Gisenyi, 20 Februari 2025

Umuhire binti yangu,

Salamu zimefika. Mimi sijambo, kifua ni vumbi tu. Viazi vya Mudende mwaka huu ni vikubwa kama viatu vya askari. Shangazi yako Mukankusi anapakua sahani yako pia, halafu naila mimi. Nilimsomea barua yako. Akasema: "Bon, hiyo nyota iko inakula mwenzake, na we mutoto unabaki kuiangalia?" Nilicheka hadi nikakohoa.

Lakini mimi nimekuelewa. Makaa nayo yakipoa hayapungui mwanga tu, yanabadili na rangi. Isubiri nyota yako. Pasaka ziko nyingi.

Baba yako,
Vénuste

Gisenyi, 30 Machi 2025

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo.
Mvua inanyesha.
Nyota imefifia?

Baba

Ujerumani, 22 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi! Mistari mitatu tu? Karatasi zimeisha Gisenyi? Nakutania. Nisamehe kwa kuchelewa, kila asubuhi napima. Nyota imeshuka hadi nusu. Ikifika robo, darubini iliyoko angani itageuzwa kwa ombi langu. Nikishapata vipimo, naja. Niwekee viazi.

Mwanao,
Umuhire

Gisenyi, 1 Juni 2025

Baba,

Leo sijui nikusalimuje.

Nyota ilizimika ghafla, ndani ya siku mbili tu, kabla darubini haijageuzwa. Sikupata kitu. Nilikata tiketi nije kukuambia mwenyewe, maana nilijua ungenicheka kidogo kisha ungenipa neno la kunisimamisha. Nilipompigia shangazi kumwambia naja, alisema: "Kuya tu, mwana wangu."

Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani. Ulikuwa umezikwa juzi yake.

Nilimpigia kelele shangazi, Mungu anisamehe. Akalia, akasema: "Alikatala tukuambie. Alisema mutu mwenye iko mbali, peke yake, asibebe habari ya hivi. Tungoje ufike, ukae kati ya watu." Basi nimekaa kati ya watu, Baba, na nina hasira nawe. Ungeniambia ningekuja. Nyota ingezimika bila mimi, kama ilivyozimika.

Naandika kwenye meza yako. Barua yangu ya Aprili iko hapa, haijafunguliwa. Shangazi anasema ilifika ukiwa huwezi tena kusoma. Nimeziweka zako mbili, nilizokuja nazo, kando yake. Ya Februari nimejaribu kuihesabu, ni mistari kumi na tisa. Ya Machi ni mitatu, na mwandiko unateremka nje ya mstari. Nilikuwa nayo mezani kwangu wiki nzima, karibu na michoro ya nyota, nikaijibu kwa utani.

Mwanao,
Umuhire