Ubwari Si Kisiwa

Mwenzangu Amani,

Utanicheka, kama huko uliko watu bado wanacheka. Juzi nimeona ramani ya ziwa letu, na Ubwari imeshikana na nchi kavu kama kidole na kiganja. Sisi tuliokuwa na diploma mkononi hatukulijua hilo. Kutoka Uvira, hewa ikiwa safi, kule kusini unaona milima imesimama peke yake majini, na mimi ndiye niliyeapa kwamba ni kisiwa. Ulisita kidogo. Nikakuita kunguru mwoga mbele ya rafiki yetu Sifa, na hilo likatosha.

Tulitoka Makobola asubuhi, sisi watatu, kwa boti ya mjomba wako, na mihogo ya kuchemsha na ndagala wa kukaanga. Tulitaka kukizunguka kisiwa chote: tushuke upande wa mashariki, tupinde mwishoni, turudi kwa magharibi. Usiku wa kwanza tulilala kijijini kwenye rasi ya kaskazini, ukacheza ngoma na wenyeji mpaka miguu ikavimba. Sijawahi kukuona ukifurahi vile.

Kesho yake tulifuata ufuko tukingoja kisiwa kiishe. Hakikuisha. Kila tulipoona ncha ya mlima ulisema ndiyo hii sasa. Mchana tulimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua nguo kama mwisho wa kisiwa bado uko mbali.

“Kisiwa gani?” akasema. “Huku iko inchi kavu tu, mpaka Kalemie.”

Sifa alicheka mpaka akalia, nasi tukacheka naye. Hakuna aliyeangalia esanse iliyobaki ndani ya injini.

Iliisha tukiwa njiani kurudi, karibu na ile rasi, na upepo ukatukuta hapo. Boti ilipopinduka Sifa alidaka ubao. Mimi na wewe tulibaki na kidumu kimoja kitupu, na kila tulipokishika wawili kilizama nasi. Ukakiachia.

“Shika weye,” ukasema. “Minye najua kuogelea.”

Nilikiona kichwa chako kikizama na kuibuka, kikizama na kuibuka. Halafu hakikuibuka tena.

Unajua desturi ya kwenu. Aliyepotea majini huzikwa kwa shina la mgomba lililofungwa sanda, na wa mwisho kumwona hulibeba hadi kaburini, akisha kusema mbele ya ukoo jinsi alivyomwona akifa. Waliponiita nilishindwa. Nilimwambia mama yako kwamba nilikuona ukiogelea kuelekea nchi kavu. Alinishika mikono akaniita mwanawe, na kwa miaka mitatu nilikula kwake kila Jumapili. Alikuwa akiniomba nirudie ulivyokuwa ukiogelea, nami nikarudia. Naona haya, Amani. Ile sahani nilikuwa naipenda.

Kisha vita vikasogea. Watu walikuwa wakivuka kwenda Burundi kwa boti yoyote iliyopatikana, na mabomu yakaanza kusikika hadi Kalundu, bandarini kwetu. Mama yako akakataa kutoka. Alisema utarudi ukute nyumba haina mtu. Majirani walimsihi, mchungaji akamsihi, akazidi kufagia uwanja wake. Nikaelewa kwamba uongo wangu ndio utakaomuua, kama ubishi wangu ulivyokuua wewe.

Nikamwambia yote, na kidumu nikakitaja.

Hakulia. Alichukua panga, akakata shina la mgomba nyuma ya jiko, akalifunga kwa shuka lako mwenyewe. Akaniwekea begani.

“Weye ulikuwa naye mwisho,” akasema. “Beba.”

Tulikuzika upesi, watu wanne, bila wimbo. Shina la mgomba lina maji mengi. Yalinichuruzika mgongoni njia nzima.

Kesho yake nilimbebea mzigo mpaka ufukweni. Alipanda, akaketi, akaupokea mzigo wake. Nilipoinua mguu nami niingie, aliniangalia.

“Mu boti hii, weye usiingie.”

Alisema polepole, bila hasira. Nikarudisha mguu mchangani.

Alifika salama, nimesikia. Sifa naye yuko ng'ambo, na hanijibu. Uvira nzima hakuna tena mtu ninayeweza kumtajia jina lako. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Lala, Amani.

Rafiki yako wa dawati moja